Kabla ya Kununua Saa ya Kifahari, Jua Unacholipia

Saa ya betri ya bei ya chini kabisa kwa kawaida haikosei zaidi ya sekunde 15 hivi kwa mwezi mzima. Saa ya springi iliyopewa cheti na COSC, taasisi ya Uswisi inayopima usahihi wa saa, inaruhusiwa kuchelewa kwa wastani wa sekunde 4 au kutangulia kwa sekunde 6 kila siku, nayo huhesabiwa kuwa miongoni mwa zilizo bora. Jambo hilo halifichwi. Watengenezaji wenyewe hulichapisha. Hata hivyo ni hiyo ya pili ambayo watu huisubiri kwa miaka, huigombania minadani na kuwaachia watoto wao. Nimenunua, nimevaa, nimepeleka kwa fundi na nimeuza saa za namna hiyo kwa muda wa kutosha kuwa na msimamo wangu, nao ni huu: thamani ya saa ya kifahari imo katika kazi ya mikono iliyofanywa ndani yake na katika historia iliyoizaa, na mtu asiyeijua historia hiyo ni rahisi sana kulipishwa kitu ambacho hakimo.

Nianze na jambo ambalo wauzaji hawalitaji sana, kwamba urembo ulitangulia usahihi. Saa za kwanza za kubebeka, zilizotengenezwa katika miji ya Ujerumani kama Nuremberg mwanzoni mwa karne ya 16, zilikuwa na mshale mmoja tu, ule wa saa, na zilikosea kiasi cha kumlazimu mwenye nayo airekebishe mara kwa mara kwa kutazama saa ya jua. Aliyeivaa shingoni aliivaa ili ionekane. Katika miaka ya 1540, Geneva ilipokuwa chini ya mafundisho makali ya Jean Calvin, uvaaji wa vito ulibanwa, na masonara wa mji huo, ambao mikono yao ilikuwa imezoea dhahabu na kazi ndogondogo, wakahamishia ustadi wao kwenye saa, kwa kuwa saa iliweza kutetewa kuwa ni chombo chenye manufaa. Wakimbizi wa Kiprotestanti kutoka Ufaransa waliwaongezea ujuzi, na mwaka 1601 mafundi wa Geneva wakaunda chama chao. Baadaye kazi hiyo ilipanda milima ya Jura hadi bonde la Vallée de Joux, ambako familia za wakulima, zikiwa zimezingirwa na theluji wakati wa baridi, ziliketi kuchonga vipuri vya saa majumbani mwao. Jaeger-LeCoultre, iliyoanza mwaka 1833, na Audemars Piguet, iliyoanzishwa mwaka 1875, bado zimo katika bonde hilo hilo.

Usahihi ulikuja kwa hatua. Mwaka 1675 Christiaan Huygens, mwanasayansi wa Uholanzi, alitangaza matumizi ya springi nyembamba iliyozungushwa kama mkeka wa duara, ambayo hulivuta gurudumu la mizani, lile linalochezacheza huku na huko ndani ya saa, na kulirudisha kwa mwendo ulio sawa, na tangu hapo mshale wa dakika ukawa na maana ya kuwekwa. Saa ya baharini ya John Harrison, iliyosafirishwa hadi Jamaica mwaka 1761, ilionyesha kwamba nahodha anaweza kujua longitudo ya chombo chake kwa kutegemea saa. Majina yanayoheshimiwa hadi leo nayo yalianza kuzaliwa: Vacheron Constantin inahesabu umri wake tangu 1755, Patek Philippe tangu 1839.

Kwa Abraham-Louis Breguet inafaa tutulie kidogo, kwa sababu karibu kila kinachouzwa leo kwa jina la ustadi wa juu kinapitia kwake. Alizaliwa Neuchâtel mwaka 1747 na akafungua karakana yake Paris mwaka 1775. Mwaka 1783 aliletewa agizo la saa kwa ajili ya malkia Marie Antoinette, iwe na kila utaratibu wa saa uliojulikana wakati huo, dhahabu itumike popote inapoweza kuchukua nafasi ya madini mengine, na pasiwepo kikomo cha muda wala gharama. Malkia alikatwa kichwa mwaka 1793, Breguet mwenyewe akafariki mwaka 1823, na saa hiyo, ambayo ni namba 160, ikakamilika mwaka 1827. Aliyekusudiwa kuivaa hakuiona. Mwaka 1983 iliibwa katika jumba la makumbusho mjini Jerusalem, na ilipatikana tena mwaka 2007. Huwa nawasimulia habari hiyo watu wanaodhani kwamba saa kubwa ni ile iliyo na chapa kubwa, kwa sababu inaonyesha watu wakikamilisha, baada ya miaka zaidi ya arobaini, kazi ambayo mteja wake hayupo tena.

Breguet huyo huyo ndiye aliyepata hataza ya turbiloni mwaka 1801, na hapa ndipo historia inapoweza kukuokolea fedha. Saa ya mfukoni husimama wima kutwa nzima, na mvutano wa dunia hulivuta gurudumu la mizani upande mmoja, hivyo mwendo wake huharibika. Dawa aliyoibuni ilikuwa kuliweka gurudumu hilo pamoja na springi yake ndani ya kizimba kidogo kinachozunguka, mara nyingi mzunguko mmoja kwa dakika, ili makosa ya kila upande yafutane. Saa ya mkononi haisimami wima kutwa nzima. Mkono huinama, huinuka na kugeuka bila kukoma, kwa hiyo faida ya kizimba hicho katika usahihi ni ndogo mno. Muuzaji anayekuambia ulipe mara kadhaa zaidi kwa sababu turbiloni itakupa wakati sahihi ama hajui bidhaa yake ama anakutania. Ukiipenda kwa sababu ni kitu cha ajabu kukitazama kikizunguka, hiyo ni sababu halali kabisa, na mimi siipingi.

Saa ya mkononi yenyewe ilidharauliwa na wanaume kwa muda mrefu, ikionekana kuwa bangili ya kike. Cartier alimtengenezea rubani Alberto Santos-Dumont saa ya mkononi mwaka 1904 kwa kuwa mikono yake ilishughulika na usukani na hakuweza kupekua mfuko, lakini kilichoigeuza desturi ni Vita Kuu ya Kwanza, ambapo askari aliye handakini alihitaji kuona dakika kwa kugeuza kiwiko tu. Hans Wilsdorf, mwanzilishi wa Rolex, aliyeanza biashara London mwaka 1905, aliona mapema kwamba maadui wa saa ya mkononi ni vumbi na maji. Kasha lake liitwalo Oyster, la mwaka 1926, lilifungwa kwa kukazwa kwa hesi, mbele na nyuma na kwenye kitufe cha kutilia ufunguo. Mwaka uliofuata mwogeleaji Mercedes Gleitze aliogelea katika Mlango wa Bahari wa Uingereza akiwa na saa hiyo shingoni. Baridi ilimshinda kabla ya kufika, lakini saa haikusimama, na Wilsdorf alilipia ukurasa wa mbele wa gazeti ili ulimwengu ujue. Mwaka 1931 Rolex ikaongeza rota inayoijaza springi kwa mwendo wa mkono, na hapo mvaaji hakuwa tena na haja ya kufungua kitufe kila siku na kuyakaribisha maji. Tazama jinsi kila hatua ilivyoitwa na tatizo halisi. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwa anayeanza ni kupendelea saa ambayo umbo lake lina sababu. Katika saa za wapiga mbizi za siku hizi, duara la juu linalozunguka kioo hugeuka upande mmoja tu, kwa sababu likigongwa kwa bahati mbaya chini ya maji ni heri limwonyeshe mvaaji kwamba muda uliobaki ni mfupi kuliko ulivyo, kuliko kumdanganya kwamba bado anao mwingi. Anayejua hilo hulitazama duara hilo kwa jicho jingine.

Mwaka 1969 saa ya springi ilifika kileleni na kuhukumiwa kifo ndani ya miezi michache. Mwezi Julai, Buzz Aldrin alitembea mwezini akiwa na Omega Speedmaster, saa iliyobuniwa mwaka 1957 kwa ajili ya mashindano ya magari na kupitishwa na NASA mwaka 1965 baada ya majaribio ya joto, baridi, mshtuko na ombwe. Tarehe 25 Desemba, mjini Tokyo, Seiko ikatoa Astron, saa ya kwanza ya mkononi ya kwatsi kuuzwa madukani, ambayo mwendo wake uliongozwa na mtetemo wa kipande cha fuwele kinachopewa umeme na betri. Katika miaka iliyofuata bei za saa za betri zilishuka, na Uswisi, iliyokuwa na wafanyakazi wa saa wapatao 90,000 mwaka 1970, ilibaki na theluthi moja hivi kufikia katikati ya miaka ya 1980. Karakana zilifungwa na mashine zikauzwa kwa uzito wa chuma chake.

Katika kipindi hicho ndipo lilipotokea tukio ninalolipenda kuliko yote katika historia hii. Kiwanda cha Zenith mjini Le Locle kilikuwa mikononi mwa wenye mali wa Marekani, nao mwaka 1975 waliamuru utengenezaji wa mitambo ya springi ukome na vifaa vyake viondolewe. Fundi mmoja aitwaye Charles Vermot aliomba kiwanda kisiache kabisa, asisikilizwe. Basi akavibeba kidogo kidogo hadi darini vifaa vya kutengenezea mtambo wa kronografu, yaani saa inayoweza pia kuanzishwa na kusimamishwa ili kupima muda, uitwao El Primero, akavipanga, akavipa alama na kuandika kila kimoja kilitumika wapi. Miaka ya 1980 soko la saa za springi liliporejea, vifaa vilikuwapo, na kuanzia mwaka 1988 Rolex ilitumia mtambo huo, baada ya kuufanyia mabadiliko, ndani ya saa yake iitwayo Daytona. Mtu anayelipa fedha nyingi leo kwa Daytona ya miaka hiyo analipia pia ukaidi wa fundi aliyekataa kutii.

Wengine walijiokoa kwa njia nyingine. Audemars Piguet mwaka 1972 ilitoa Royal Oak, iliyochorwa na Gérald Genta, saa ya chuma cha pua yenye duara la pembe nane na skrubu zinazoonekana waziwazi, na ikaiuza kwa bei iliyozizidi saa nyingi za dhahabu. Watu walishangaa, kisha wakaizoea, kisha wakaanza kuipigania. Swatch, ya plastiki na ya betri, iliyotoka mwaka 1983 ikiwa na vipuri 51 tu, ilileta fedha zilizousaidia uchumi wa saa wa Uswisi kusimama tena. Ujerumani nako, kampuni ya A. Lange & Söhne ya mji wa Glashütte, iliyokuwa imetaifishwa baada ya Vita Kuu ya Pili, iliandikishwa upya na Walter Lange mwezi Desemba 1990, mwaka mmoja baada ya ukuta wa Berlin kuanguka, na saa zake za kwanza zikatolewa mwaka 1994. Kwa maoni yangu, kilichotokea ni kwamba saa ya springi ilipopokonywa kazi ya kutaja wakati ilirudi pale ilipokuwa Geneva katika karne ya 16, yaani pambo lenye akili ndani yake, na kwa kuwa haikuwa tena na mshindani katika kazi hiyo ikapanda bei. Wapo wanaoivaa ili waonekane tu. Wafalme nao walifanya hivyo, na saa haijawahi kulalamika.

Sasa, kazi ya mikono ninayoizungumzia inaonekana wapi? Omba lenzi ya fundi, fungua mfuniko wa nyuma au tazama kupitia kioo chake kama kipo, kisha usikimbilie sehemu zinazong'aa. Tazama kingo za vile vibao vya chuma vinavyoshikilia magurudumu. Katika saa iliyomalizwa vizuri kingo hizo zimechongwa mshazari na kusuguliwa hadi zinarudisha mwanga kama mstari mmoja usiokatika. Fuata mstari huo hadi unapokutana na kona inayoingia ndani. Chombo cha mashine kinachozunguka huacha kona hiyo ikiwa ya mviringo. Kona iliyo kali, ambapo miteremko miwili inakutana kwenye ncha moja, kwa kawaida ni alama ya mtu aliyekaa na tupa na kijiti. Kisha tazama vichwa vya skrubu. Mfereji wa skrubu uliokwaruzwa au kumeguka kingo unakuambia kwamba saa ilipitia kwa fundi asiye na bisibisi sahihi au asiye na subira, na mimi nikikuta mifereji ya namna hiyo huanza kuuliza maswali zaidi kuhusu vipuri vilivyomo. Chini ya hayo yote, gurudumu la mizani linachezacheza huku na huko. Katika mitambo mingi ya sasa hupiga mara 8 kwa sekunde, yaani mara 28,800 kwa saa moja, usiku na mchana.

Katika kununua, soko la saa zilizokwisha kutumika ndilo lenye uteuzi mkubwa na mitego mingi. Mchunguze muuzaji kabla ya kuichunguza saa: amekuwa katika biashara kwa muda gani, anarudisha fedha saa ikigundulika kuwa na kasoro, anakubali ifunguliwe na fundi wako kabla ya malipo? Anayekataa sharti hilo la mwisho nimeachana naye kila mara, hata saa iwe nzuri namna gani. Sanduku na karatasi husaidia, lakini navyo hughushiwa, kwa hiyo hakikisha namba zilizo kwenye karatasi zinalingana na zilizochongwa kwenye kasha. Usidanganyike na mshale wa sekunde unaoteleza badala ya kuruka, kwa kuwa saa nyingi bandia nazo zina mitambo ya springi. Hatari ambayo wengi hawaijui ni saa ya kuungaunga, ambayo kila kipuri chake ni halisi lakini kimetoka kwenye saa tofauti: kasha la mwaka huu, uso wa mwaka ule, mishale ya toleo jingine. Saa ya namna hiyo si ngeni minadani hata kidogo. Kuna pia saa zilizosuguliwa mno ili zing'ae. Yaangalie masikio yanayoshika mkanda, na ukiona kingo zake zimelainika na upande mmoja ni mwembamba kuliko mwingine, jua kwamba chuma kimeondoka na hakirudi. Uso uliopakwa rangi upya nao hupunguza thamani kuliko uso uliozeeka kwa heshima.

Kuhusu kununua saa kama kitega uchumi, nitakuwa mfupi kwa sababu jibu lenyewe ni fupi. Ni kweli kwamba Daytona iliyokuwa ya mwigizaji Paul Newman iliuzwa New York mwezi Oktoba 2017 kwa dola milioni 17.75, na kwamba Patek Philippe moja ya chuma cha pua, iliyotengenezwa moja tu kwa ajili ya mnada wa hisani, ilifika faranga milioni 31 za Uswisi mjini Geneva mwaka 2019. Ya kwanza ilikuwa na maneno yaliyochongwa kwa amri ya mke wa Newman nyuma yake, ya pili haina ndugu duniani. Yako haina hayo. Bei za saa maarufu zilizotumika zilipanda sana wakati wa janga la korona, zikafika kilele mapema mwaka 2022, kisha zikashuka na kuwaacha walionunua kwa tamaa wakiwa na chuma cha ghali. Hesabu fedha uliyoinunulia saa kuwa imekwisha kutumika. Ukipata faida siku moja, ichukulie kama bahati.

Utunzaji una mambo machache yasiyosamehe. Maandishi ya mita 30 kwenye uso wa saa hayamaanishi kwamba unaweza kuizamisha kwa kina hicho. Yanamaanisha matone ya mvua na maji ya kunawa mikono. Raba za kuzuia maji hukauka kadiri miaka inavyopita, kwa hiyo anayeogelea na saa yake aipeleke kupimwa kila mwaka. Saa ikianza ghafla kutangulia kwa dakika kadhaa kwa siku, kabla ya kuogopa fikiria sumaku: spika, kifuniko cha tableti na kifungo cha mkoba vyote vina sumaku, na fundi huiondoa kwa muda mfupi sana. Katika saa nyingi za springi zenye tarehe, usibadilishe tarehe kwa mkato wakati mshale mfupi ukiwa kati ya tarakimu 9 na 3 za usiku, kwani meno ya tarehe yanakuwa yameshikana na yanaweza kuvunjika. Sogeza mishale kwanza hadi kwenye 6, kisha ubadilishe.

Mafuta yaliyomo hukauka hata saa isipovaliwa, na kwa kawaida sevisi hufanywa kila baada ya miaka 5 hadi 10 kulingana na mtengenezaji. Siku ya kuipeleka, mwombe fundi aandike kwenye risiti mambo matatu kabla hujaiacha: kwamba kasha lisisuguliwe, kwamba uso na mishale visibadilishwe bila wewe kuulizwa, na kwamba kila kipuri kitakachotolewa urudishiwe katika bahasha. Bahasha hiyo iweke pamoja na karatasi za saa, ukiandika juu yake tarehe na jina la karakana, kwa sababu atakayeirithi au kuinunua baada yako ataulizia hayo kabla ya kuulizia kitu kingine.